Jinsi ya Kukokotoa Mwendo wa Basi Konda Anaposema "Dakika Sifuri"

Kabla ya kupanda basi nunua kalamu. Karatasi usiihangaikie, nyuma ya tiketi pana nafasi ya kutosha. Saa iko ndani ya simu yako. Ukiwa na vitu hivyo vitatu una kila chombo kinachotakiwa ili kujua basi linakwenda mwendo gani, na unaweza kukaa siti moja na yule abiria anayempigia dereva makofi kila anapolipita lori kwenye kona, ukamwonyesha kwa namba anachokishangilia.

Kazi ya kwanza ni kukikataa kipimo utakachopewa bure. Pale stendi ya Mbezi Luis, alfajiri, konda anaita: "Dodoma, Dodoma! Panda mama, dakika sifuri tunaondoka!" Mtoto yeyote wa darasa la sita atakueleza kwamba umbali ukiugawanya kwa sifuri, jibu halipo. Si kubwa, si dogo, halipo kabisa. Ndiyo maana dakika arobaini baadaye basi hilohilo bado limesimama palepale, linasubiri siti mbili za nyuma zijae. Vipimo vingine vya ukoo huo ni "sasa hivi", "hapo mbele tu" na "tunakaribia". Vipokee kwa heshima, kwa kuwa konda amevitoa kukutuliza roho. Nyuma ya tiketi usiviandike.

Cha kuandika ni hiki: umbali wote, gawanya kwa muda wote. Huo ndio mwendokasi wa wastani. Uzito wa hesabu nzima umekalia neno "wote", ambalo watu hulisoma wakalipita kama kibao cha kijiji. Umbali wote unaanza gurudumu linapozunguka mara ya kwanza na unaisha linaposimama mara ya mwisho. Muda wote unabeba foleni, mizani, trafiki, chakula cha Morogoro, na zile dakika watu walizoshuka kuchimba dawa halafu mmoja akachelewa kurudi kwa sababu alikutana na mwuza mahindi ya kuchoma. Ukiacha kimoja tu kati ya hivyo, umehesabu safari ya basi ambalo halikuwepo barabarani.

Umbali ni rahisi. Kutoka katikati ya Dar es Salaam hadi Dodoma kwa barabara ni takriban kilomita 450, na Mbezi iko kama kilomita 20 nje ya katikati ya jiji, kwa hiyo andika 430. Muda ndio wenye kona.

Walimu wa Kiswahili wanivumilie hapa: nitasema "saa" kwa saa ya ukutani, na "masaa" kwa muda uliotumika. Bila kuvitenganisha, mtu akisema safari yake ni ya saa tatu na nusu hujui kama anataja urefu wa safari au asubuhi aliyofika.

Saa yetu inaanza kuhesabu jua linapochomoza. Ni mpangilio mzuri, unakwenda na kazi za shamba na bahari, na siuzi kwa saa nyingine yoyote. Lakini una mtego wake: asubuhi, wakati mabasi yanaondoka, ndiyo wakati saa inatoka kumi na mbili kwenda moja. Chukua safari yetu ya Mbezi hadi Dodoma. Ilipangwa saa 12 kamili asubuhi. Tuliondoka 12:40. Tulifika stendi ya Nanenane, Dodoma, saa 9:15 alasiri. Kijana wa chuo aliyekaa mbele yangu alichukua tisa na robo akatoa kumi na mbili na dakika arobaini, akapata jibu la chini ya sifuri, kwamba tulifika kabla hatujaondoka. Akafuta. Akasoma simu yake, ambayo iliandika 15:15, akatoa 12:40 ileile ya asubuhi. Sasa akapata masaa 2 na dakika 35. Kilomita 430 kwa muda huo ni mwendo wa kilomita 166 kwa saa. Treni ya umeme ya reli ya SGR, iliyoanza kubeba abiria hadi Dodoma Julai 2024, imejengewa mwendo wa juu wa kilomita 160. Basi letu lilikuwa limeishinda, na lilisimama kuchimba dawa.

Dawa ya mtego huu ni nyepesi: saa kumi na mbili ihesabu kama sifuri. Tuliondoka 0:40, tukafika 9:15. Toa moja kwa nyingine, unabaki na masaa 8 na dakika 35. Ukiamua kutumia saa ya simu, itumie mwanzo na mwisho: 06:40 hadi 15:15, jibu ni lilelile. Kosa ni kuondoka kwa saa ya jua na kufika kwa saa ya simu.

Kisha usiandike 8.35. Dakika haziendi kwa mamia, zinakwenda kwa sitini. Thelathini na tano gawanya kwa sitini ni 0.583, kwa hiyo muda ni masaa 8.583. Mtu anayeandika masaa 8 na dakika 50 kuwa 8.5 amezitupa dakika ishirini dirishani, na dakika ishirini katika safari ni nyingi, tutaziona.

430 gawanya kwa 8.583: kilomita 50.1 kwa saa.

Simama hapa kwanza. Hamsini ni namba unayoijua. Ni ile iliyo kwenye vibao vya kila kijiji kuanzia Kibaha mpaka Kibaigwa, ile ambayo madereva huilalamikia kwamba inawachelewesha. Mtu ambaye angetoka Mbezi pamoja nasi saa 12:40 kwa gari lake dogo, akashika 50 bila kuzidisha wala kusimama, angeingia Nanenane dakika moja hivi baada yetu. Sisi tuliokwenda tukitikisika, tukipita malori, tukifunga breki mpaka mizigo ikateleza juu ya vichwa vyetu, tulifanya safari ya 50.

Muda ulikwenda wapi? Niliandika nyuma ya tiketi. Mizani, dakika 20. Stendi ya Msamvu, Morogoro, 25. Chakula, 30. Kuchimba dawa, 10. Trafiki, mara tatu, jumla dakika 10. Hizo ni dakika 95, saa nzima na nusu na kidogo juu, ambazo gurudumu halikuzunguka. Ukiziondoa, basi lilikuwa likitembea kwa masaa 7 kamili, na 430 gawanya kwa 7 ni kilomita 61 kwa saa. Namba hiyo nayo ni halali. Iite wastani wa basi likiwa mwendoni, na usimruhusu mtu akuuzie badala ya ile ya kwanza. Anayekungoja Dodoma hakungoji likiwa mwendoni tu.

Pembeni yangu alikaa mama mmoja aliyetoka Mbagala, mwenye kikapu cha machungwa miguuni. Aliifuatilia kalamu yangu tangu Mlandizi. Tulipoikaribia Chalinze, kijana wa mbele aligeuka na kusema kwamba wastani ni jambo rahisi, mimi nalizungusha bure. "Mzee, ukienda kwa sitini na kurudi kwa arobaini, wastani ni hamsini. Unajumlisha, unagawa kwa mbili."

Watu wazima wengi, wenye vyeti ukutani, wangejibu hivyohivyo, kwa hiyo tulifanye polepole. Chukua njia ya kilomita 120. Kwenda kwa 60 kunakula masaa 2. Kurudi kwa 40 kunakula masaa 3. Umesafiri kilomita 240 kwa masaa 5. Wastani ni 48.

Zile mbili zimeliwa na nini? Zimeliwa na ule mwendo wa polepole, ambao ulikaa na wewe muda mrefu zaidi. Ulikuwa na arobaini kwa masaa matatu, na sitini kwa masaa mawili tu. Ukijumlisha na kugawa kwa mbili unaipa miendo hiyo haki sawa, kana kwamba ilikaa nawe sawasawa. Ingegawana sawa kama ungeendesha saa moja kwa 60 na saa moja kwa 40. Hapo hamsini ni sahihi. Mezani inahesabiwa muda, haihesabiwi kilomita. Kijana alikaa kimya kama dakika mbili, kisha akaomba kalamu. Nilifurahi kuliko ningefurahi kama angekubali palepale.

Kutoka hapo unaingia kwenye shimo ambalo ningependa kila dereva wa masafa marefu aliangalie mpaka chini kabla hajapewa funguo. Sema una kilomita 120 na umeahidi wastani wa 60, yaani masaa mawili. Nusu ya kwanza ya njia, kilomita 60, foleni na matuta vimekubana, umekwenda kwa 40. Sasa uende mwendo gani ufidie? Wengi watasema 80, kwa kuwa arobaini na themanini katikati yake ni sitini. Hesabu: nusu ya kwanza imekula saa moja na nusu. Umebakiwa na nusu saa kwa kilomita 60. Unatakiwa uende 120. Ukienda 80 utafika baada ya masaa 2 na robo, na wastani wako utakuwa 53.

Sasa lizidishe shimo kidogo. Umeahidi wastani wa 80 kwa kilomita 160, masaa mawili, na nusu ya kwanza umeifanya kwa 40. Kilomita 80 kwa mwendo wa 40 ni masaa mawili. Muda umekwisha wote. Umebakiwa na kilomita 80 na dakika sifuri, zile za konda, na sasa zimekuwa za kweli. Hakuna mguu wala injini inayoweza kulipa deni hilo. Dereva anayekanyaga mafuta akiwa ndani ya shimo hili anakimbilia kitu ambacho hakipo tena duniani, na nyuma yake wamekaa watu hamsini.

Tukubali kwamba kukimbia kunaokoa kitu, kisha tupime kitu hicho. Kati ya kilomita zetu 430, ondoa vijiji, milima, foleni na matuta, tuseme unabaki na 150 za kunyooka ambapo basi linaweza kukimbia. Sheria inaliruhusu 80. Kwa 80, kilomita hizo zinachukua dakika 112 na nusu. Kwa 100, dakika 90. Umeokoa dakika 22 na nusu. Ukipanda hadi 120 unaokoa nyingine 15 tu, na ukipanda hadi 140, kama 11. Kila ngazi inalipa pungufu ya ngazi iliyopita. Nguvu ya kugonga, kwa upande wake, inapanda kwa mraba wa mwendo: kwenye 100 ni mara moja na nusu na zaidi ya kwenye 80, na kwenye 140 ni mara tatu. Faida inakwenda ikipungua na bei inakwenda ikipanda, na anayelipa bei hiyo hakuulizwa.

Zirudishe zile dakika 22 na nusu kwenye safari nzima. Wastani wetu wa 50.1 ungekuwa 52.4. Hizo ndizo kilomita mbili na ushei alizozipigania dereva kwa kilomita 150 za hatari. Kama basi lingeondoka saa 12 kamili ilivyoandikwa kwenye tiketi, tungefika dakika 40 mapema, karibu mara mbili ya faida hiyo, bila kumpita mtu yeyote.

Lakini kinachoua katika barabara zetu mara nyingi ni lori la mbele, kwa hiyo hapo ndipo nilipotumia sehemu kubwa ya tiketi yangu. Kati ya Chalinze na Morogoro malori ya Zambia na Kongo yamepangana, na kila moja linapanda kilima kwa mwendo wake. Basi letu linataka 80, lori lina 50, mbele kuna kona. Dereva anachungulia. Abiria wa kati wanaanza kuguna. Mmoja anasema, "Suka, piga ovateki, tutalala huku!"

Sema dereva amekubali kusubiri nyuma ya lori kwa kilomita 2, mpaka barabara inyooke. Kilomita 2 kwa mwendo wa 50 ni dakika 2 na sekunde 24. Kwa mwendo wa 80 ni dakika 1 na sekunde 30. Kusubiri kumemgharimu sekunde 54.

Nilimwonyesha mama. Akaniuliza, "Sekunde hamsini na nne ni kiasi gani, mwanangu?" Nikamwambia tuzione. Nikaweka simu juu ya goti, nikaanza kuhesabu, naye akaanza kumenya chungwa. Sekunde hamsini na nne zilipokwisha alikuwa hajafika nusu. Akaliangalia chungwa, akamwangalia yule aliyepiga kelele, akaendelea kumenya bila kusema neno.

Upande wa pili wa mizani weka hiki. Kulipita lori hilo, basi linatakiwa kumaliza urefu wa lori lenye trela, mita 18 hivi, urefu wake lenyewe, mita 12, na nafasi ya usalama mita 20 nyuma na 20 mbele. Mita 70, na linazimaliza kwa tofauti ya mwendo tu, 80 toa 50, ambayo ni mita 8.3 kwa sekunde. Inachukua zaidi ya sekunde 8. Katika sekunde hizo basi limekwenda karibu mita 187 upande usio wake, na gari linalokuja kwa 80 limekwenda mita 187 nyingine likiwaelekea. Dereva anahitaji kuona mita 375 nyeupe mbele yake. Kwenye kona ya kilima haoni hata mia. Malori kumi ya kusubiriwa namna hiyo ni dakika 9, pungufu ya tulizotumia kuchimba dawa, na hakuna aliyeguna tulipokuwa tukichimba dawa.

Utajuaje sasa hivi, hukohuko ndani, kama basi limezidisha? Usitegemee mtikisiko, basi jipya linakwenda 110 kimya kama kitanda, na chakavu linalia kwenye 60. Kando ya barabara kuu kuna nguzo zenye namba za kilomita. Pima sekunde kutoka nguzo hadi nguzo, gawanya 3600 kwa sekunde hizo. Sekunde 72 ni mwendo wa 50, sekunde 45 ni 80, sekunde 36 ni 100. Kilomita moja ni fupi na kidole kinachelewa kubonyeza, kwa hiyo pima tano. Kilomita tano kwa 80 ni dakika 3 na sekunde 45. Zikikatika pungufu ya hapo, basi limevuka kiwango chake, hata kama konda anaimba.

Baada ya Morogoro kijana alipima tano, akapata dakika 3 na sekunde 5. Kilomita 97 kwa saa. Mama alimwita konda kwa sauti ya chini, ile ambayo mtu haikatai. "Baba, hebu mwambie mwenzio apunguze. Huyu mwanangu ameandika tisini na saba." Konda akaitazama tiketi, akatutazama, akaenda mbele. Tulipopima tena tulipata dakika 3 na sekunde 50. Sijawahi kuona namba iliyoandikwa kwa kalamu ya wino ikifanya kazi haraka namna ile.

Tochi ya trafiki inapima kitu kingine, na tofauti yake inafaa kujulikana. Tochi inaona mwendo wa wakati uleule, pale ulipo, kisha inakusahau. Ndiyo maana madereva wanawashiana taa kuambiana trafiki yuko mbele: wanapunguza kwa mita mia tano, wanapita, wanarudi kwenye tisini na saba zao. Saa mbili zilizoandikwa katika nguzo mbili hazidanganyiki kwa taa. Ukivuka kilomita 40 kwa dakika 24, ulikwenda wastani wa 100, na lazima kuna mahali ulifika mia hata kama kila mwenye tochi alikukuta kwenye hamsini. Kifaa cha kufuatilia mabasi ambacho LATRA, mamlaka ya kudhibiti usafiri wa ardhini iliyochukua nafasi ya SUMATRA mwaka 2019, inataka mabasi ya masafa marefu yafungwe, kinaandika njia yote. Ningependa abiria nao wawe na mazoea hayohayo, kwa kuwa kifaa hakina watoto wanaokingoja nyumbani.

Ukweli mwingine lazima usemwe, hata kama unaipunguzia nguvu namba ninayoipenda. Wastani unaficha. Basi letu la 50.1 lilikuwa na dakika za 97 ndani yake, na mtu akizisoma karatasi za mwisho wa safari tu atamwona dereva mpole. Kwa wakimbiaji wetu ni hivyohivyo. Tarehe 2 Februari 1974, Filbert Bayi alikimbia mita 1500 huko Christchurch kwa dakika 3 na sekunde 32.16, rekodi ya dunia. Ibadilishe iwe sekunde 212.16, gawanya 1500 kwa hizo, ni mita 7.07 kwa sekunde. Zidisha kwa 3.6, ni kilomita 25.45 kwa saa. Zaidi kidogo ya nusu ya basi letu, kwa miguu yake. Hapo namba inamtendea haki, maana aliongoza tangu mlio wa bastola na alikuwa na moto mwanzo hadi mwisho.

Sasa chukua marathoni ya Olimpiki ya Mexico, 20 Oktoba 1968. Mamo Wolde wa Ethiopia alishinda kwa masaa 2, dakika 20 na sekunde 26: kilomita 42.195 kwa wastani wa 18.0 kwa saa. Mtanzania John Stephen Akhwari alimaliza kwa masaa 3, dakika 25 na sekunde 27. Wastani wake ni 12.3. Kwa namba hiyo peke yake utadhani ni mtu aliyekuwa akikimbia taratibu asubuhi kando ya barabara. Namba haijui kwamba alianguka njiani akaumia vibaya goti, wala kwamba aliingia uwanjani akiwa amefungwa bandeji, giza limeingia, wa 57 na wa mwisho kati ya waliomaliza, wakati wengine walioanza naye walikuwa wameacha. Nimeikokotoa 12.3 hiyo mara nyingi, na kila mara nakuta nimeiandika kwa mwandiko mkubwa kuliko 18.0.

Kwa hiyo unapotoa wastani, andika pembeni yake na yaliyo ndani. Treni ya umeme imejengewa 160, lakini kwa masaa yake kama matatu na nusu kufika Dodoma wastani unakaa karibu na 130, na hiyo ina njia yake peke yake, haina lori mbele, haina tuta, haina mwuza mahindi. Dereva wa basi anayeahidi wastani wa 80 kwenye barabara ya watu wote hajaongeza chochote kwenye tiketi yake isipokuwa hofu.

Tulishuka Nanenane saa 9:15. Kijana aliandika 50.1 kwa wino, akaizungushia duara. Mama akaiangalia akatikisa kichwa. "Hiyo yenu. Mimi kwangu nimeondoka saa kumi."

Tukarudi kwenye tiketi. Saa kumi alfajiri hadi kumi na mbili ni masaa mawili. Kumi na mbili hadi tisa na robo, masaa tisa na robo. Jumla masaa 11 na robo, yaani 11.25. Mbagala hadi Mbezi ni kama kilomita 30, ziongeze kwenye zetu, 460. Wastani wake ulikuwa 40.9. Kijana alitaka kubisha kwamba daladala si sehemu ya safari ya basi, akamtazama mama na kikapu chake, akaiandika 40.9 chini ya ile ya kwanza.

"Na bado sijafika," mama akasema. "Nakwenda Nkuhungu."

Bodaboda alikuwa ameshasogea, ameshika usukani kwa mkono mmoja, kikapu tayari amekipokea kwa mwingine. "Panda mama. Nkuhungu hapo tu, dakika sifuri."

Mama akaniangalia, akanyoosha mkono. "Hebu niazime hiyo kalamu."